SWETA LA SHULE NDANI YA TRANKA: UNALITUNZA AU UNALIZUIA?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu Muislamu, leo nina swali moja dogo. Nguo zako za sekondari ziko wapi?

Usicheke. Nakuuliza wewe uliyemaliza kidato cha sita miaka ishirini iliyopita, una familia na mvi zimeanza kuchungulia. Nyumbani kwa mama, Uru, Kibosho, Machame au hapa mjini Majengo, bado lipo tranka la bati uliloenda nalo bweni. Ndani mna sweta, mashati meupe, suruali au sketi, ushungi na tai. Mama akitaka kuligawa unapiga simu kutoka Dar es Salaam: "Mama, vitu vyangu visiguswe!"

Vitu vyako? Hebu tulipime neno hilo.

Amepokea Imam Muslim kwamba Mtume (s.a.w.), alipokuwa akisoma Surat At-Takaathur, alieleza kuwa mwanadamu husema "mali yangu, mali yangu", na hali ya kuwa hana chake katika mali yake isipokuwa vitu vitatu: alichokula kikaisha, alichovaa kikachakaa, na alichotoa sadaka akakitanguliza mbele yake. Na katika riwaya nyingine, kinachobaki baada ya hapo ataondoka akiwaachia watu.

Sasa lipeleke sweta lako kwenye milango hiyo mitatu. Haliliwi. Hulivai, maana halipiti hata mabegani. Hujalitoa. Basi kwa mizani ya Mtume wako, hilo si lako tena. Wewe ni mlinzi wake tu, na huna mshahara.

Najua utasema: "Ustadh, hiyo ni kumbukumbu, na kumbukumbu si haramu." Kweli, sijasema ni haramu. Asili ya vitu ni uhalali, na mimi sina ruhusa ya kuharamisha asichoharamisha Allah. Lakini si kila kisicho haramu ni kizuri kwa muumini.

Mwingine aliyesoma kidogo atanijia na Hadithi ya Umm Khalid katika Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliletewa nguo, ndani yake mkiwa na kinguo kidogo cheusi chenye nakshi. Akaagiza aletwe Umm Khalid, mtoto aliyekuwa amerudi na wazazi wake kutoka Uhabeshi, akamvisha kwa mkono wake na kumsifia kwa neno la Kihabeshi. Na nguo ile ilidumu miaka mingi! "Si unaona, Ustadh? Naye aliitunza."

Soma Hadithi mpaka mwisho, ndugu yangu. Mtume hakumwambia aifungie. Alimuombea aivae mpaka ichakae. Na mmoja wa wapokezi anasimulia kwamba mwanamke wa familia yake aliiona ikiwa mwilini mwa Umm Khalid. Mwilini, si sandukuni! Kama kuna nguo duniani iliyostahiki kufungiwa kwa ajili ya kumbukumbu, ni ile iliyovishwa kwa mkono wa Mtume, nayo ilivaliwa. Sweta lako lilivishwa na nani?

Tuseme ukweli: wengi wetu hatutunzi nguo, tunatunza ukubwa. Mtu ana miaka arobaini na tano, bado ajitambulisha kwa shule na divisheni. Kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja anapiga picha sweta lenye nembo ili wenzake waone alisoma wapi. Ajabu ni kwamba nguo yenyewe inaitwa sare. Timu zikilingana magoli tunasema zimetoka sare. Tulivalishwa nguo moja ili mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mama muuza ndizi wakae dawati moja bila kujuana nani nani. Wewe umeichukua nguo ya usawa ukaifanya bendera ya kujikweza.

Na enyi vijana mnaomaliza kidato cha nne, nanyi nisikieni. Siku ya mwisho mnachorana mashati kwa kalamu za wino mzito, majina, namba za simu, na maneno mengine hayasomeki mbele ya mzazi. Shati zima, linavalika, mnaliua kwa dakika tano. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Allah anachukia kupoteza mali. Mama aliyelipa pesa ya shati hilo hakununua daftari.

Kwa nini nalivalia njuga jambo la nguo kuukuu? Kwa sababu ya mtoto mmoja. Serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, kisha ikaondoa ya kidato cha tano na sita katika mwaka wa fedha 2022/2023. Alhamdulillah. Lakini ada imefutwa, sare haikufutwa. Anayenunua ni mzazi. Na Julai ya huku mlimani unaijua: ukungu, manyunyu, mtoto anatembea alfajiri kwenda shule na shati jepesi. Sweta lake lipo. Liko kwenye tranka lako, linaliwa na kuvu.

Basi Desemba hii ukipanda nyumbani, fanya haya:

1. Fungua tranka mwenyewe, usimuachie mama.
2. Kilicho kizima kifue, kipige pasi, rudishia vifungo. Sweta lenye rangi ya shule ile lipeleke kwa mwalimu wa shule ile. Mashati meupe yatapata mtu popote.
3. Kilichochanika usikiite sadaka. Allah ametukataza katika Surat Al-Baqara, aya ya 267, kukusudia kutoa kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Hicho kifanye dekio.
4. Toa kwa siri. Usimpige picha mtoto wa watu akiwa na sweta lako. Utakuwa umetoka kwenye bendera moja ukaingia nyingine.

Mmoja tu simlaumu: mzazi aliyefiwa na mwanawe, akabaki na sare yake. Huyo tumhurumie, tusimharakishe. Tumkumbushe kwa upole kwamba nguo za marehemu ni sehemu ya mirathi, na warithi wakiridhia kuzitoa kwa nia ya marehemu, kila asubuhi mtoto mwingine akizivaa kwenda kutafuta elimu, tunataraji thawabu zimfikie aliyelala.

Ndugu yangu, ukifa leo, tranka lile litafunguliwa na wengine. Watacheka kidogo, kisha watalitupa. Lifungue wewe ungali hai, upate ujira wake.

Ewe Allah, tujaalie tuvitangulize tunavyovipenda kabla hatujaviacha. Aamin.

Wallaahu a'lam. Mfikishie na mwenzako uliyesoma naye.