Boda Ana Kwao, na Kwao ni Busia

HUKU MPAKANI
Na Nekesa Barasa

Mtu akitamka "boda" mjini Busia, anayemsikiliza husubiri neno linalofuata ndipo ajue habari ni ya nini. "Boda imeharibika" ni pikipiki. "Boda amechelewa" ni kijana anayeiendesha. "Boda imefungwa" ni mpaka wenyewe, na hapo wavushaji wa mahindi na wauza samaki huanza kupigiana simu. Silabi mbili tu, maana tatu, na wanaozitumia hawachanganyikiwi hata kidogo.

Asili ya neno hili inajulikana. Katika miaka ya 1960 na 1970, kati ya lango la Uganda na lango la Kenya hapa Busia palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili. Gari lilimshusha abiria upande mmoja, kwa kuwa kulivusha kulidai makaratasi. Mwenye mzigo, mwenye mtoto mgongoni na mgonjwa wote walitakiwa kutembea. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Wakafunga mto juu ya karia na kuwaita wasafiri: "Boda-boda!" Yaani kutoka boda hii hadi boda ile. Kazi hiyo ikafika upesi Malaba, katika Wilaya ya Tororo. Na kwa kuwa Busia ya Uganda yenyewe ilikuwa ndani ya Tororo hadi 1997, watu wa Tororo nao wana haki ya kujivunia historia hii.

Ni kweli kwamba mzizi wake ni Kiingereza. Mpaka pia ulikuja na Waingereza: mwaka 1902 walikata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika nchi ambayo leo ni Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili. Lakini Kiingereza kilitoa jina la mstari tu. Kulirudia neno mara mbili, kama tusemavyo pikipiki, kulipandisha juu ya baiskeli, kisha kumvisha mtu jina hilo: hayo yalifanywa na watu wa hapa. Ndiyo maana safu hii haikubaliani na wanaodai kwamba boda ni Kiingereza kilichovunjika.

Kila lugha iliyolipokea imelifuma kwa uzi wake. Waganda huwaita waendeshaji aba bodaboda. Wajaluo, ambao lugha yao ni ndugu ya Kidhopadhola cha Tororo, husema jaboda kwa mmoja na joboda kwa wengi. Tanzania huandika bodaboda kama neno moja, na mtu wa Mbeya au Mwanza hulitumia kila siku bila kufikiria mpaka wowote; siku hizi huko waendeshaji huitwa pia maafisa usafirishaji. Nairobi wana lao, nduthi, ila hata wao boda hawajaliacha.

Mbali zaidi, kazi ni ileile ila majina yana visa vingine. Nchini Nigeria ni okada, jina lililotokana na shirika la ndege la Okada Air. Benin ni zemidjan, ambalo kwa Kifon ni kama kusema "nichukue haraka". Kinshasa ni wewa, neno la Kiluba lenye maana ya "wewe". Sierra Leone kuna poda-poda, linalosikika kama pacha wa boda-boda, lakini huko ni basi dogo.

Tangu Februari 2018, Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande anaoingia. Hali iliyozaa neno inabadilika, na simulizi zake zisipoandikwa zitapotea. Kinachoumiza zaidi ni kwamba katika miji mikubwa "boda" sasa hutamkwa kama tusi. Kijana mmoja akipora simu au akivunja sheria za barabarani, jina la wote huchafuka, hata la yule aliyemfikisha mama mjamzito hospitalini usiku wa manane.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar. Kamisheni hiyo, pamoja na watunga kamusi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, iwatume watafiti Busia na Malaba. Waandike maana zote tatu, ngeli zake, na mahali neno lilipozaliwa. Waanze na wazee walioendesha baiskeli hizo. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1975 sasa amefikia miaka 70, na anaweza kueleza mwenyewe foleni ilianzia wapi, nauli ilikuwa kiasi gani, na abiria walikuwa wakiitwaje.