MAONI: Gari kuukuu likizima ovyo, dai kipimo kabla ya kununua spea

Umejinyima, mkachanga na mwenzako, mkanunua Hiace iliyostaafu kubeba abiria ili mwanze kusambaza mizigo. Wiki ya pili vituko vinaanza. Inazima kwenye foleni Barabara ya Thika, inapoa dakika ishirini, inawaka kama hakuna kilichotokea. Fundi anafungua boneti na kutoa hukumu: "Hiyo ni pampu." Unaenda Barabara ya Kirinyaga, unanunua pampu. Inazima tena. "Basi ni koili." Unarudi Kirinyaga. Mwezi ukiisha, faida yote imeenda na gari bado linazima.

Hapo unacheza bahati nasibu, na tikiti unalipia wewe. Msimamo wangu ni huu: gari likizima ovyo, usinunue spea yoyote mpaka fundi akuonyeshe kipimo. Na kipimo cha kwanza kiwe cha umeme.

Kwa nini umeme? Injini ya petroli yenye kompyuta inautegemea kwa pampu, koili na kompyuta yenyewe. Hata dizeli ya zamani, ile watu husema haina mambo mengi, huwa na vali ndogo ya umeme kwenye pampu yake. Waya wa vali hiyo ukikatika, mafuta yanafungwa na injini inazima. Shida inayokuja na kwenda, hasa gari likipita shimo au likipata joto, mara nyingi ni waya uliolegea, kutu au sensa iliyochoka.

Tena fikiria maisha ya gari hilo kabla ya kufika kwako. Lilikatwa waya kuwekwa kidhibiti mwendo. Likakatwa tena kuwekwa redio, spika na taa za rangi. Kisha king'ora, kifaa cha kufuatilia gari, na swichi ya siri ya kuzuia wezi. Vitu hivi vya wizi mara nyingi huungwa kwenye waya wa pampu au wa swichi ya ufunguo. Waya uliosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi unaweza kushika miaka kadhaa, halafu uanze kukuchezea.

Kwa hivyo anza na vitu rahisi. Zima gari, toa waya wa hasi kwanza, usafishe vichwa vya betri kwa brashi ya waya. Tafuta pale waya wa hasi unaposhika bodi na injini, piga msasa mpaka chuma king'ae, kisha kaza kila kitu.

Sasa chukua mita ndogo ya kupima umeme. Injini ikiwa imezimwa kwa muda, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, alteneta haichaji. Gari linakula betri hadi linazima, na pampu mpya haitasaidia kitu.

Halafu gari likiwa limeegeshwa na handibreki imevutwa, tikisa ufunguo, rilei na nyaya moja moja, mkono ukiwa mbali na feni na mikanda. Injini ikikohoa, umempata mwizi. Kama inazima ikiwa moto tu, fundi apime wakati huo huo imezima: je, umeme unafika kwa pampu? Plagi zinatoa cheche? Ikishapoa na kuwaka, ushahidi umepotea.

Kuna mchezo mmoja ukatae kabisa. Fundi akitaka kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma ili "kuona kama alteneta inafanya kazi", mzuie. Umeme unaweza kuruka ghafla na kuchoma kompyuta ya gari.

Mafundi watakuambia kupima kunakula muda, na mteja hataki kulipia muda. Anataka kuona kitu kipya kwenye boksi. Hapo wana haki. Basi mlipe fundi wa waya kwa saa alizotumia kutafuta, hata kama dawa imekuwa kukaza nati moja. Bado utakuwa umetumia kidogo kuliko bei ya pampu ambayo gari halikuhitaji.

Na mambo si ya pesa pekee. Injini ikizima mwendoni, usukani unakuwa mzito, na ukikanyaga breki mara mbili tatu nazo zinakuwa ngumu. Nyuma yako kuna lori, na dereva wake hajui kwamba umezimikiwa.

Kwa hivyo ukipeleka gari gereji, usikubali kuambiwa tu ni nini kimeharibika. Uliza: "Umepima wapi, na mita imesoma ngapi?" Fundi asiye na jibu, mwachie pampu yake.