Aliyeuza nyumba yenye maji alete maji

Tangazo la nyumba mjini Tunduma lina lugha yake: vyumba vitatu, kimoja masta, choo cha ndani, umeme upo, maji yapo, gari inafika mlangoni. Dalali huyamaliza hayo kwa pumzi moja. Katika orodha yote hiyo, neno linalopandisha bei ni maji. Mji huu wa mpakani umekua kwa kasi kuliko mabomba yake, na kila anayeishi hapa anajua thamani ya koki inayotoa maji, kama anavyojua bei ya dumu siku ambayo haitoi.

Sasa tuseme mnunuzi amemaliza kulipa na amehamia. Anafungua koki ya jikoni. Inakoroma, inatema hewa, inanyamaza. Anatoka nje kulifuata bomba: linatokeza ukutani, linazama ardhini hatua mbili kutoka kwenye msingi, na akichimba kidogo analikuta limeishia hapo, mdomo wake umezibwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Mita haipo. Akimpigia muuzaji anajibiwa, "Mabomba si yapo, mzee wangu? Kuunganisha ni kazi ndogo tu." Akimpigia dalali, simu inaita mpaka inakata.

Kama ni kazi ndogo, aliyepokea fedha aifanye. Waswahili husema ahadi ni deni, na deni la namna hii lina kiasi kinachohesabika: mita za bomba, ujira wa kuchimba mtaro, ada ya kuunganishiwa, na madumu ambayo familia imenunua tangu siku ya kuhamia.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimwachi mnunuzi huyu akilalamika kibarazani. Kifungu cha 19 kinampa nafasi ya kuukataa mkataba ambao aliukubali kwa sababu ya udanganyifu au maelezo yasiyo ya kweli. Kinampa pia njia ya pili ambayo watu wengi hawaijui: anaweza kubaki na nyumba yake na kudai awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo kama yale aliyoambiwa yangekuwa kweli. Halazimiki kurudisha funguo na kuanza upya kutafuta paa. Anadai maji, au fedha za kuyaleta.

Sheria hiyohiyo, hata hivyo, haimbembelezi mzembe. Mtu aliyepewa maelezo yasiyo sahihi hawezi kuuvunja mkataba ikiwa ukweli ulikuwa wazi kwa yeyote ambaye angetazama kwa uangalifu wa kawaida. Hapo wanunuzi wetu wengi hujikwaa. Mtu analeta fedha za mauzo ya wiki nzima, lori lake linasubiri kuvuka kwenda Nakonde, anaizunguka nyumba dakika kumi, anagonga ukuta kwa kiganja na kusifu vigae, lakini koki hafungui. Wala haulizi namba ya mita. Kufungua koki hakuhitaji wakili.

Tusichanganye na mgawo. Nyumba iliyounganishwa, ambayo inapata maji siku chache kwa wiki kwa sababu mtaa mzima unapata hivyo, si nyumba ya uongo, isipokuwa kama muuzaji aliapa kwamba maji yake hayakatiki. Kero ya mgawo ipelekwe kwa mamlaka ya maji. Muuzaji atajibu lile alilolisema.

Lakini alisema wapi? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuuza haki ya ardhi uwe katika maandishi, na maandishi yetu ni haba kupita kiasi. Karatasi ya mauziano ya kawaida ina ukurasa mmoja: kaskazini amepakana na fulani, mashariki kuna njia, bei kwa tarakimu na kwa maneno, saini, dole gumba, mhuri wa mtaa. Maji yaliyopandisha bei hayatajwi hata mara moja. Ugomvi ukizuka, shahidi wa ahadi ile ni dalali, na dalali alishachukua chake.

Hapa lawama zetu zinawafikia wanaogonga mhuri. Mwenyekiti wa mtaa anayeshuhudia mauziano, na wakili anayelipwa kuandika mkataba, wana wajibu wa kuuliza swali moja kabla ya kalamu kushuka: umemwahidi nini mwenzako ambacho hakimo humu? Mwenyekiti anajua fika nyumba ipi ina mita na ipi inachota kwa jirani. Akinyamaza, hana haki ya kujifanya msuluhishi mwezi unaofuata.

Kwa ambaye maji yameshamwagika, aanze na barua badala ya matusi ya simu. Ataje alichoahidiwa, aambatanishe makadirio ya gharama kutoka kwa mamlaka ya maji, ampe muuzaji siku za kutimiza, na abaki na nakala iliyosainiwa. Kama kuna salio ambalo halijalipwa, azungumzie makato kabla ya kulimaliza. Mgogoro ukifika kwenye haki ya nyumba yenyewe, Baraza la Kata hupewa nafasi ya kusuluhisha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kuamua, na siku 30 zikipita bila suluhu, mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uko wazi. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Ni mingi, lakini huyeyuka haraka kwa mtu anayeambiwa kila Ijumaa kwamba fundi anakuja Jumatatu.

Tunaitaka Halmashauri ya Mji wa Tunduma, na halmashauri nyingine za Mkoa wa Songwe, zizipe ofisi za mitaa fomu ya mauziano yenye mistari ya maji, umeme, njia ya gari na hati, kila mstari ukijazwa na kusainiwa na muuzaji, na mhuri usigongwe mstari ukiwa mtupu. Na muuzaji ambaye tayari ana fedha za watu mfukoni huku koki zinatema hewa, asisubiri fomu hiyo. Mtaro uanze kuchimbwa wiki hii, kwa gharama yake.