Janani Luwum na barua ya Februari 1977

Tangu 2015, tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko Uganda nzima. Siku hiyo viongozi wa dini na wa serikali humkumbuka Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana aliyeuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Heshima hiyo inamstahili. Lakini sikukuu ya dola huelekea kukumbuka zaidi jinsi alivyokufa kuliko alichosema, na alichosema ndicho kilichomponza.

Luwum alizaliwa 1922 Mucwini, Kitgum, katika nchi ya Waacholi. Alikuwa mwalimu wa shule alipookoka Januari 1948, akajiunga na Walokole, watu wa uamsho ulioanzia Rwanda na kuenea Afrika Mashariki. Kwao, kutembea nuruni maana yake ni kuungama dhambi mbele ya wenzako na kumwonya ndugu yako uso kwa uso. Mafunzo hayo yanaeleza mambo mengi aliyoyafanya baadaye. Aliwekwa wakfu kuwa askofu 1969, na 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, wakati watu walikuwa wakichukuliwa majumbani usiku na kupotea.

Wapo waliomlaumu kwa kuwa karibu mno na Ikulu. Lawama hiyo haifai kufichwa, kwa sababu inagusa swali linalomkabili kila mhubiri anayeishi chini ya mtawala katili: akae kando ili mikono yake ibaki safi, au asogee karibu ili aweze kuwaombea waliokamatwa? Luwum alisogea. Mara nyingi alikwenda mwenyewe katika ofisi za kikosi cha usalama kilichoogopwa kuliko vyote, kuwaombea wafungwa waachiwe. Ukaribu uliomletea lawama ndio uliomfungulia milango hiyo, na waliofunguliwa kwa sababu yake wana haki ya kuhesabiwa katika hukumu yoyote inayotolewa juu yake.

Usiku wa kuamkia 5 Februari 1977 askari walivamia nyumba yake wakidai kutafuta silaha. Hawakupata kitu. Siku tano baadaye maaskofu wakamwandikia Amin barua. Haikuwa barua ya kuomba radhi wala ya kubembeleza. Ilisema kwamba bunduki iliyoelekezwa kwa Askofu Mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo nchini. Kisha ikavuka mipaka ya kanisa, ikataja mauaji na watu waliopotea, na ikalalamika kwamba vyombo vya usalama vilikuwa vimejitwalia mamlaka juu ya uhai wa raia. Maaskofu waliomba kuonana na rais. Nakala zilipelekwa kwa mawaziri na kwa viongozi wengine wa dini, kwa hiyo hakuna mkubwa aliyeweza kusema baadaye kwamba hakujua. Mlokole angelitambua jambo hilo mara moja: ni kumwonya mwenye dhambi usoni pake, mbele ya mashahidi.

Tarehe 16 maaskofu waliitwa mkutanoni Nile Hotel, Kampala, mbele ya askari na silaha zilizotandazwa kama ushahidi wa njama. Wenzake waliruhusiwa kuondoka, Luwum alibakizwa. Kesho yake redio ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Mwili ulipelekwa Mucwini, waombolezaji wakafungua jeneza, wakaona majeraha ya risasi. Katika kanisa kuu la Namirembe, Kampala, ambako kaburi lake lilikuwa limechimbwa karibu na la Askofu Hannington, mfiadini wa zamani, maelfu walikusanyika na kuimba mbele ya shimo tupu.

Ulimwengu wa Kikristo ulimtambua mapema. Tangu 1998 sanamu yake imesimama juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, pamoja na za Martin Luther King na Óscar Romero. Nyumbani deni bado halijalipwa. Tume ya Jaji Oder, iliyoundwa 1986 kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu tangu 1962, ilitoa ripoti yake 1994, nayo imebaki mbali na mikono ya Waganda wengi. Amin mwenyewe alifia Saudi Arabia 2003 bila kupandishwa kizimbani.

Kwa hiyo maombi na hotuba pekee havitoshi kila 16 Februari. Barua ya maaskofu ingepaswa kusomwa hadharani kila mwaka, mbele ya wakuu wa usalama, na kufundishwa mashuleni, kwa kuwa malalamiko yake hayakuhusu Waanglikana peke yao. Majina ya Oryema na Oboth Ofumbi nayo yatajwe. Walikuwa mawaziri wa serikali iliyowaua, na jambo hilo huwafanya wawe wagumu kuwaenzi kuliko askofu. Hata hivyo walikufa pamoja naye, na uongo wa ajali ya gari uliwahusu wote watatu.