Mkuu wa hospitali ya umma apewe muda

Msomaji, ukitajiwa Hospitali ya Parkland mjini Dallas, Marekani, huenda ukamkumbuka Rais John Kennedy, aliyekimbizwa huko alipopigwa risasi mwaka wa 1963. Mimi humkumbuka Dkt Ron Anderson.

Daktari huyu alishika usukani wa Parkland mwaka wa 1982, akauachia 2011. Miaka 29! Hiyo ni hospitali ya umma, kimbilio la walalahoi. Siku hizo hospitali za kibinafsi zikigundua kuwa mgonjwa mahututi hana bima wala pesa, zilimpakia kwenye ambulensi na kumtupia Parkland. Anderson hakunyamaza. Texas ilipiga marufuku mchezo huo, na mwaka wa 1986 serikali kuu ikaweka sheria kwamba mgonjwa wa dharura apimwe na kutulizwa hali kwanza, awe na pesa asiwe nazo. Pia alifungua zahanati katika mitaa ya maskini, watu watibiwe kabla hawajazidiwa.

Hata kwetu, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini hebu peleka mgonjwa usiku, uone kama hutaulizwa pesa langoni.

Kazi kama ya Anderson haifanywi kwa miaka miwili. Mkuu wa hospitali anayechapa kazi asihamishwe kila siasa za kaunti zinapogeuka. Ukikutana na mwakilishi wadi wako, muulize: mkuu wa hospitali yetu ameketi pale kwa muda gani?