"NIMEZEEKA, MAMBO YAO SIYAJUI": UONGO TUNAOJIAMBIA WAMAMA WA DAR

1.
Niliwaambia nikimaliza zamu za usiku nitaleta mada. Haya, hii hapa. Itauma kidogo kama sindano ya penisilini, lakini dawa ndo ilivyo.

Kuna sentensi naisikia kila siku. Kliniki naisikia, kwenye daladala naisikia, saluni na kwenye vikoba ndo usiseme: "Mimi bwana nimeshazeeka, mambo ya hawa watoto siyajui."

Ukimwangalia anayesema, ana miaka 34. Mwingine 36. Kucha zimepakwa rangi, Instagram yupo, kichwani kuna wigi la laki mbili. Mzee wa wapi huyo?

Leo naisema wazi. Hiyo sentensi haina uhusiano na uzee. Tunajipa nayo ruhusa ya kutowasikiliza watoto wetu, na wanaolipa gharama ni wao.

2.
Tuanze na singeli, maana ndo kesi kubwa huku kwetu, Mbagala, Tandika, Tandale, Mwananyamala. Ikipigwa tu, mama anafunga dirisha. "Muziki gani huu? Fujo tupu! Singeli ndo imeharibu watoto."

Nawaelewa kuhusu kasi, wala siwacheki. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unapiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Singeli inavuka 200. Kasi hiyo ningeikuta kwenye kifua cha mgonjwa, ningemwita daktari mbio. Kwa hiyo kama inakuchosha, una haki ya kuchoka.

Ila kuchoka ni kitu kimoja, kusema "imeharibu watoto" ni kitu kingine. Hebu tujiulize singeli ilitoka wapi. Ilitoka kwenye mchiriku na vinanda vyake vidogo, ikatoka kwenye taarabu iliyochezewa kasi na madijei, ikakulia kwenye vigodoro. Na vigodoro ni vya nani jamani? Mtoto wa darasa la tano ndo alikodi muziki, akafunga mtaa, akaweka spika hadi alfajiri? Ni sisi. Arusi yetu, mwali wetu anatolewa, shughuli yetu, sare zetu. Mama anakata mauno katikati ya duara, pesa zinarushwa, watoto wamejaa mbele wanaangalia. Wiki inayofuata mtoto akikata mauno yaleyale kwenye TikTok, mama huyohuyo anashika kichwa: "Sijui kajifunzia wapi!"

Kajifunzia kwako, mama. Ulikuwa umevaa dera la njano.

3.
Halafu tuna usahaulifu wa ajabu sisi.

Mnakumbuka miaka ya 2000 mwanzoni? Bongo Fleva iliitwa muziki wa wahuni. Juma Nature na TMK Wanaume wakitokea hapahapa Temeke, wazazi wetu walikuwa wanazima redio. Ray C alipocheza wakampa jina la "kiuno bila mfupa", na wamama wa wakati ule walimsema vilevile tunavyowasema mabinti wa leo. Wavulana wakaja na kata K, suruali inaning'inia chini ya makalio, tukaambiwa kizazi kimekwisha. Kiko wapi? Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 kutoka Mbeya Mjini, Profesa Jay akaingia 2015 kutoka Mikumi. "Wahuni" walewale tukawaita Waheshimiwa. Na sisi tuliokuwa tunawasikiliza kwa kujificha ndo hawa tunalipa ada na kugombana na mitungi ya gesi.

Rudi nyuma zaidi, kwa bibi zetu. Tarehe 1 Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana hapa Dar. Vilivyopigwa vita ni sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kujichubua, na mawigi. Ndiyo, mawigi! Hilo la laki mbili lingekuletea matatizo barabarani. Mwishoni mwa mwaka huohuo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku mjini. Waliokuwa wanafukuzwa kwenye soul ndo babu na bibi zetu wa leo, waliokuja kuvaa mabugaluu na viatu vya raizoni, na ndo haohao wanasema, "Zamani kulikuwa na adabu."

Kila kizazi kimelia msiba wa kizazi kinachofuata, na maiti haijawahi kuonekana. Na hao wa singeli wanapanda ndege. Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala ilitoa albamu ya vijana wa studio ya Sisso, Mburahati, na leo madijei wa singeli wanaalikwa kupiga Ulaya. Mburahati, jamani! Palepale tunapopita tumeziba pua.

4.
Najua kuna mama ameshaanza kuandika komenti: "Kwa hiyo nesi unataka kusema yote sawa?"

Hapana. Tatizo letu ni kwamba tumeweka kila kitu kwenye kapu moja. Mimi nataka makapu mawili.

Kapu la kwanza ni *visivyonipendeza*. Kasi ya muziki, nywele za rangi, lugha yao, kusema "amapiano" kila dakika, kunyoa nusu kichwa. Hivyo ni vyao. Haviui mtu.

Kapu la pili ni *vinavyodhuru*. Hapa ndo nguvu zako ziende.

Mtoto mwenye hedfoni masikioni kutwa nzima: Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 muda unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Masikio yakiharibiwa na kelele hayarudi. Mwambie asizidishe asilimia 60 ya sauti ya simu, na aiache wimbo wowote anaoutaka, hata kaswida ikizidi inaharibu sikio.

Mtoto analala saa nane usiku akiwa na simu chini ya shuka: kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Simu ilale sebuleni, yako pia.

Mtoto yuko kwenye kigodoro saa saba usiku, kwenye giza, kuna pombe na wanaume wazima: hapo usiniambie habari za muziki, mfuate umrudishe nyumbani. Hata ingekuwa kwaya.

Ukipiga kelele kwa kapu la kwanza kila siku, mtoto anakuzoea kama kelele za feni. Siku ukipiga kelele kwa kapu la pili, hasikii.

5.
Sasa tuje kwenye lugha. "Sijui wanaongea nini" wengine wanalisema kwa kujidai kabisa, kama vile kutoelewa ni heshima.

Binti yako anasema, "Rafiki yangu ana sponsa." Wewe umeelewa kuna mfadhili anamlipia ada, umefurahi, umemshukuru Mungu. Mwenzio anakwambia kuna mwanamume mzima anampa rafiki yake pesa na simu, na unajua anataka nini badala yake. Anasema fulani "anadanga", wewe unadhani anadanganya. Amekupa taarifa kubwa kabisa sebuleni kwako, bure, huku mnachambua mchele. Wewe ukajibu, "Lugha gani hiyo? Ongea Kiswahili!" Akanyamaza.

Angeendelea, labda angekwambia huyo rafiki ni nani. Labda hakuna rafiki. Mnajua watoto wanavyoanza: "Kuna mtu darasani kwetu..." Sisi wauguzi tunaijua hiyo. Mtu anakuja dirishani anauliza kwa niaba ya "rafiki", unamwangalia tu machoni unajua rafiki ni yeye.

Huhitaji kuijua lugha yao yote. Unahitaji swali moja tu: "Hilo neno maana yake nini, mwanangu? Nifundishe." Mtoto anapenda sana kumfundisha mama yake. Atacheka, atakuita mshamba, na ataendelea kuongea. Hicho ndo tunachokitaka, aendelee kuongea.

6.
Nisikilizeni hapa, hii ndo sababu ya mimi kuacha kulala na kuandika.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Zaidi ya mmoja kati ya watano. Huku wodini hatuwaoni kama asilimia. Tunamwona mmoja mmoja, amekuja na malalamiko ya tumbo, mama kakaa pembeni. Tunapima UPT, majibu yanatoka, na sentensi ya kwanza ya mama ni ileile: "Mimi mambo yao siyajui."

Kuna la uchungu zaidi. Mtoto akibakwa au kulawitiwa, kuna dawa za kumkinga na VVU. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Siku tatu. Na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyosaidia zaidi. Baada ya hapo, hata nesi awe na huruma kiasi gani, dirisha hilo limefungwa.

Siku tatu hizo zote zinategemea kitu kimoja: mtoto kufungua mdomo. Na mtoto hajifunzi kufungua mdomo siku ya janga. Anajifunza kwenye vitu vidogo, kwenye wimbo, kwenye neno la mtaani, kwenye video ya kijinga anayotaka kukuonyesha wakati unakaanga vitumbua. Kama amekuonyesha video mara ishirini na mara ishirini umesema "toka hapa na ujinga wako", ya ishirini na moja hataileta. Na hiyo huenda isiwe video.

Ndo maana nakataa kuuita huu "uzee" na kucheka. Kuna watoto wanaofika kwetu siku ya tano.

(Likitokea, Mungu aepushe: usimwogeshe, usifue nguo zake, usimpige maswali kama askari. Mlete hospitali mara moja, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bure. Iandike nyuma ya mlango.)

7.
"Kwa hiyo nesi tuwe mashoga wa watoto? Tucheze nao TikTok?"

Hamna. Mama abaki mama. Shikamoo ibaki shikamoo, na ukisema saa moja jioni awe ndani, iwe saa moja. Wala sikwambii uipende singeli. Mimi mwenyewe nikitoka zamu ya usiku nataka kimya na chai ya tangawizi. Tena mtoto anahitaji awe na kitu chake ambacho wewe hukipendi, ndo anavyojifunza kuwa mtu. Mama anayejilazimisha kuongea kama wao wanamcheka akigeuka, na wana haki.

Ninachokataa ni kiburi. Kuna tofauti ya "sikipendi" na "hakina maana". Ya kwanza ni masikio yako. Ya pili unamwambia mtoto kwamba anachokipenda hakina maana, na yeye atamalizia mwenyewe kwamba naye hana maana.

Na akina baba mnaosomewa hii na wake zenu, msijifiche nyuma ya gazeti la michezo. Mnawajua wachezaji wote wa Simba na Yanga, namba za jezi na mishahara. Hamshindwi kujua majina matano ya marafiki wa mtoto wenu.

8.
Tumalizie, maana nasikia wangu wameamka.

Wiki hii fanya kitu kimoja. Usitoe hotuba. Mwombe mtoto akuwekee wimbo mmoja anaoupenda, usikilize hadi mwisho bila kukunja uso, halafu umuulize, "Umependea nini hapa?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu.

Na wewe uliyejifungua juzi, unayesoma hii unanyonyesha ukidhani haikuhusu, inakuhusu kuliko wote. Huyo kichanga kifuani kwako akifika miaka 14 atakuja na muziki ambao leo haujatungwa, kwa mashine ambayo haijatengenezwa, na maneno ambayo hakuna anayeyajua. Utauchukia, nakuhakikishia. Utasema bora hata singeli ilikuwa na adabu.

Wakati huo sitaki nikukute dirishani kwetu unasema "mambo yao siyajui". Nataka uniambie, "Nesi, siyapendi, ila aliniambia jana usiku, tumewahi."

Haya, mfikishie na mama mwenzio. Wiki ijayo tunaongea kuhusu uji wa lishe na biashara ya uongo iliyomo humo, mjiandae.

Nesi wenu.