Ushuhuda wa Mwezi wa Kwanza

Katika masoko ya Kitui na Makueni, makopo ya vitamini huuzwa pamoja na imani: kwamba dawa za hospitali za ugonjwa wa akili ni sumu ya kumzubaisha mtu, na kwamba vitamini, kwa kuwa "ni chakula tu", zitamrudishia akili bila madhara. Imani hiyo ni ya uongo, na gharama yake inabebwa na familia.

Wanaoieneza wana ushuhuda, tena mara nyingi ni wa kweli. Kijana mwenye skizofrenia anadungwa fluphenazine kila mwezi. Shingo imekakamaa, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Mama yake anauza mbuzi, ananunua makopo matatu, na kliniki inasahauliwa. Baada ya wiki kadhaa shingo inalegea, macho yanachangamka, kijana anafunga mitungi kwenye punda na kwenda kuchota maji mtoni. Majirani wote wanaona. Jumapili anasimamishwa mbele ya kanisa. Nani atabisha?

Mimi nabisha. Sindano hiyo imechanganywa na mafuta ili dawa itoke polepole, na hata mtu akikosa kudungwa, mabaki yake huendelea kufanya kazi mwilini kwa wiki nyingi. Kiasi kinapopungua, madhara huanza kupungua huku kinga ikiwa bado ipo. Mwezi ule mzuri, basi, ni kazi ya dawa iliyoachwa, ila sifa zinapewa kopo. Kinga ikiisha, pengine mwezi wa tatu, pengine wa sita, sauti zinarudi, usingizi unapotea, kijana anatoroka usiku. Siku hiyo hakuna anayeitwa madhabahuni kusimulia. Wakala aliyeuza makopo naye atasema mlipaswa kununua kopo la nne.

Kopo lenyewe linamsuta wakala. Makopo mengi yanayotoka Marekani hubeba maandishi madogo yanayotakiwa na sheria ya huko ya mwaka 1994, kwamba bidhaa hiyo haikukusudiwa kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Mtengenezaji amekana kwa maandishi anachoahidi wakala sokoni kwetu.

Wala msidhani wazo hili halijawahi kupewa nafasi. Miaka ya 1950, madaktari Abram Hoffer na Humphry Osmond walianza kuwapa wagonjwa wa skizofrenia vitamini B3 kwa wingi huko Saskatchewan, Kanada. Mwaka 1968 Linus Pauling, aliyekwisha kutunukiwa Nobel mara mbili, akaiunga mkono tiba ya aina hiyo. Wengine walipoirudia kwa uangalifu zaidi, nafuu iliyodaiwa haikuonekana, na mwaka 1973 jopo la chama cha madaktari wa akili cha Marekani likaikataa. Dawa ya chlorpromazine, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952, ilipimwa vilevile ikafaulu. Ikiwa jina la Pauling halikuiokoa B3, kipaza sauti cha sokoni kitaiokoaje?

Nasikia swali: mbona daktari mwenyewe huandika vitamini? Huandika, na hufanya vyema. Aliyelewa pombe miaka mingi hupewa B1 ili ubongo usiharibike. Upungufu wa B12 unaweza kumvuruga mzee akili. Pellagra, iliyowaandama maskini wa kusini mwa Marekani walioishi kwa mahindi, ni upungufu wa B3 unaochubua ngozi na kuishia kwenye akili. Maharagwe yanayochanganywa na mahindi kwenye isyo yetu ni sehemu ya kinga yake. Hapo vitamini inarudisha kilichopungua. Lakini skizofrenia haitokani na upungufu wa vitamini, na kumpa mgonjwa wake makopo badala ya dawa ni kutia samadi shamba lililovamiwa na viwavijeshi.

Hospitali nazo zina lawama. Muuguzi anayedunga bila kueleza kwamba kukakamaa kuna dawa yake, benzhexol, au kwamba dozi inaweza kupunguzwa na dawa kubadilishwa, anamtafutia wakala mteja. Zahanati inayomrudisha mgonjwa mikono mitupu inafanya hivyohivyo. Na haya yanarekebishika. Huko Makueni, taasisi ya Africa Mental Health Research and Training Foundation, iliyoasisiwa na Profesa David Ndetei, imewafunza wauguzi na matabibu kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na kuwashirikisha waganga wa kienyeji na wahubiri ili wawaelekeze wagonjwa kliniki. Si lazima kila mgonjwa apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi.

Kwa hiyo, mama, dawa ikimchosha mwanao, ile pesa ya mbuzi iwe nauli. Nenda kliniki, mweleze tabibu kila dalili, dai dozi ipimwe upya, na usiondoke bila jibu. Serikali za kaunti zihakikishe sindano hazikosekani hata mwezi mmoja. Na mchungaji anayemsimamisha kijana mwezi wa kwanza, amtafute mwezi wa sita, ampe kipaza sauti tena.